Seti za Chombo cha Enterprise katika Star Trek ya 1966 hadi 1969: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa yanahusu chombo cha angani cha Enterprise kama kilivyojengwa studioni, yaani seti zake, kwa ajili ya mfululizo wa kwanza wa Star Trek, hadithi za kubuni za safari za anga za mbali, ambao ulirushwa na kituo cha NBC nchini Marekani kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi tarehe 3 Juni 1969 na kufikisha vipindi 79. Watazamaji wengi huamini kwamba chombo hicho kilibaki vilevile miaka yote mitatu. Sivyo. Kilipakwa rangi upya, kikahamishwa, kikaongezewa vyumba na kupangwa upya kila mara, na anayechunguza mabadiliko hayo kwa makini atagundua kwamba mengi yalitokana na bajeti, uhaba wa nafasi na biashara ya televisheni za rangi kuliko mahitaji ya hadithi yenyewe.

Ni nani aliyebuni mandhari ya ndani ya Enterprise?

Mwanzilishi wa mfululizo alikuwa Gene Roddenberry, lakini mkono unaoonekana katika kila ukuta na kila meza ya mitambo ni wa Matt Jefferies. Katika kipindi cha kwanza cha majaribio alifanya kazi pamoja na Pato Guzman, na baadaye akawa ndiye msimamizi wa usanifu wa seti. Jefferies alikuwa mtu wa ndege: aliruka na ndege za kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na aliendelea kuwa rubani baada ya vita. Ndiyo maana chumba chake cha uongozi, yaani mahali nahodha na maafisa wanapokiendeshea chombo, hakina mapambo mengi ya kubahatisha. Kila afisa ana kiti, ana mitambo iliyo karibu na mikono yake, na ana skrini iliyo usawa wa macho yake, kama ambavyo rubani angetaka. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu kubwa inayofanya seti hiyo isichekeshe leo kama seti nyingine nyingi za miaka ya 1960.

Kwa nini chumba cha uongozi kinaonekana tofauti katika baadhi ya vipindi vya mwanzo?

Kwa sababu vipindi hivyo havikupigwa wakati mmoja wala mahali pamoja. Kipindi cha kwanza cha majaribio, "The Cage", kilipigwa mwishoni mwa 1964 katika studio za Desilu zilizoko Culver City, nahodha akiwa Pike, aliyeigizwa na Jeffrey Hunter. NBC hawakukubali kukinunua, lakini wakaagiza kingine, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Hicho cha pili, "Where No Man Has Gone Before", kilipigwa Julai 1965, safari hii nahodha akiwa Kirk wa William Shatner. Mfululizo wenyewe ulipoidhinishwa, seti zilifumuliwa na kuhamishiwa studio za Desilu za Hollywood, na upigaji ukaanza Mei 1966.

Kwa hiyo kuna Enterprise tatu zinazokaribiana. Ile ya 1964 ni ya kijivu na ubaridi wa samawati, na maafisa wake hutazama skrini ndogo zilizoshikiliwa na mirija inayopindika kama shingo. Ile ya 1965 ni ileile iliyoguswaguswa. Ile ya 1966 ndiyo wengi wanayoikumbuka: reli na milango ya lifti ni myekundu, ile mirija imeondolewa, na afisa Spock ana kifaa maalumu cha kuinamia na kuchungulia.

Mkanganyiko uliongezwa na mpangilio wa kurusha. Kipindi cha pili cha majaribio kilirushwa cha tatu, tarehe 22 Septemba 1966, hivyo mtazamaji wa wakati huo aliona chombo kipya kwa wiki mbili, kisha kikarudi kuwa cha zamani bila maelezo yoyote, kisha kikawa kipya tena. Angalau picha za "The Cage" zilipata maelezo: Novemba mwaka huohuo zilitumiwa ndani ya "The Menagerie", kipindi cha sehemu mbili, na hadithi ikadai kwamba ni matukio ya miaka 13 iliyopita. Ni mojawapo ya nafasi chache ambapo tofauti ya seti ilieleweka kuwa ni umri wa chombo, na si fundi kubadili mawazo.

Rangi nyekundu na kuta za zambarau zilitoka wapi?

Zilitoka sokoni kwanza, kisha kwenye taa. NBC ilikuwa mali ya kampuni ya RCA, na RCA ilikuwa ikitengeneza na kuuza televisheni za rangi. Kipindi chenye rangi kali kilikuwa tangazo la bidhaa hiyo kila kilipoonyeshwa. Chombo cha kijivu kitupu hakingemshawishi mtu yeyote kutoa fedha kwa ajili ya televisheni mpya.

Hata hivyo, kinachowashangaza wengi ni kwamba kuta nyingi za Enterprise zilibaki za kijivu mpaka mwisho. Msimamizi wa upigaji picha, Jerry Finnerman, alikuwa amelelewa kikazi na Harry Stradling, mmoja wa wapiga picha wakongwe wa Hollywood, na mbinu yake ilikuwa kutumia ukuta usio na rangi kama kitambaa cheupe cha mchoraji. Aliweka karatasi za plastiki za rangi mbele ya taa, akamwaga zambarau kwenye kona ya korido, kijani nyuma ya mgonjwa, au wekundu palipokuwa na hatari. Ukitazama korido moja katika vipindi viwili vilivyofuatana, utaweza kuapa kwamba imepakwa rangi upya, ilhali hakuna aliyegusa brashi. Ni taa tu zilizosogezwa. Finnerman aliondoka katikati ya msimu wa tatu na nafasi yake ikachukuliwa na Al Francis, aliyekuwa mshika kamera wake.

Chumba cha uongozi kilijengwaje?

Kilijengwa kama duara lililokatwa vipande, kila kipande kikiwa na meza yake ya mitambo, na kila kimoja kikiweza kuondolewa peke yake ili kamera ipite. Hii ndiyo sababu duara zima halionekani kwa pamoja karibu wakati wowote: mahali ambapo mtazamaji anadhani pana ukuta, mara nyingi palikuwa na kamera, taa na watu wa studio.

Mtu akikiangalia kwa karibu, vitu vyake ni vya kawaida kabisa. Vitufe vya rangi vilivyofanana na peremende vilikuwa vipande vya resini vilivyomiminwa kwenye kalibu, na vilimulikwa kwa balbu zilizokuwa chini yake. Picha zilizo juu ya meza za mitambo zilikuwa michoro inayopitisha mwanga, taa zikiwa nyuma yake. Viti vya maafisa vilikuwa viti vya dukani vya kampuni ya Burke, vya mguu mmoja ulioungana na sakafu, vikarekebishwa mgongo. Na ile skrini kubwa ya mbele haikuonyesha chochote wakati wa upigaji. Waigizaji walikodolea macho mahali patupu, na nyota au sura ya adui ikaongezwa baadaye maabara.

Jambo moja hujadiliwa bila kuchoka: mlango wa lifti haupo nyuma ya kiti cha nahodha moja kwa moja, bali umesogea upande wake wa kushoto. Faida yake kwa mwongozaji ni dhahiri, kwa kuwa nahodha akipigwa kutoka mbele, mtu anayeingia huonekana pembeni ya bega lake badala ya kufichwa naye.

Je, milango ilifunguka yenyewe?

La. Ilivutwa na wafanyakazi waliojificha nyuma ya ukuta na kufuata ishara. Wakichelewa, mwigizaji aligonga mlango kwa pua, na baadhi ya picha hizo zimehifadhiwa katika mikanda ya makosa ya upigaji.

Chumba cha injini kilibadilika vipi kati ya msimu wa kwanza na wa pili?

Hiki ndicho chumba kilichobadilika kuliko vyote, na ndicho kinachostahili kutazamwa kwa utulivu. Hakikuwapo katika vipindi vya majaribio. Kilijengwa mfululizo ulipoanza mwaka 1966. Kivutio chake ni wavu mkubwa ambao nyuma yake mabomba manene yanaonekana kurudi mbali sana. Umbali huo haukuwapo. Mafundi walitengeneza mabomba yanayopungua unene kadiri yanavyorudi nyuma na kukaribiana, jicho likadanganyika na kuona ukumbi mrefu mahali palipokuwa na hatua chache tu kabla ya kugonga ukuta wa studio.

Katika msimu wa kwanza sakafu ya chumba hicho ilikuwa tupu, na wahandisi walizungumza wakiwa wamesimama kando ya ukuta. Ilipofika msimu wa pili mwaka 1967, chumba kilipangwa upya: katikati ya sakafu kikawekwa kifaa cha fuwele za dilithiamu, madini ya kubuniwa yanayoziwezesha injini kufanya kazi, na ngazi ikaongezwa inayopanda hadi sehemu ya juu yenye mitambo ya dharura. Mabadiliko hayo yalifungua hadithi nyingi. Kabla yake, mwandishi aliyetaka kuonyesha kwamba injini zimeharibika alilazimika kumfanya mhandisi Scott aseme hivyo kwa simu; baada yake, Scott angeweza kuinama juu ya kitu kinachoonekana, akakifungua, akatoa fuwele iliyoungua na kumwonyesha nahodha. Ninauhesabu msimu wa pili kuwa kilele cha Enterprise kama seti, na chumba hiki ndicho ushahidi wangu wa kwanza.

Kuna pia ule mrija mwembamba ambao Scott hupanda kwenda kutengeneza mitambo. Uliitwa kwa jina la Jefferies, mzaha wa studioni ambao hatimaye uliingia katika hadithi zenyewe. Mzaha mwingine uliandikwa kwenye mabomba ya chombo: herufi GNDN, maana yake, kwa Kiingereza cha mafundi, kwamba bomba hilo haliendi popote na halifanyi lolote.

Kwa nini palihitajika chumba cha kusafirisha watu kwa mwanga?

Kwa sababu kukitua chombo kizima kwenye sayari mpya kila wiki kungegharimu fedha ambazo hazikuwapo. Roddenberry na wenzake waliamua watu wayeyuke mahali pamoja na kutokea kwingine, na jukwaa la duara lenye nafasi sita likatosha. Vioo vilivyo chini ya miguu ni lenzi za aina iliyotumika kwenye taa za studio. Mng'aro wa mwili unaoyeyuka ulipatikana kwa kupiga picha za unga wa alumini ukidondoka ndani ya mwanga mkali, kisha picha hizo zikaunganishwa na za mwigizaji. Chumba hiki hakikubadilika sana.

Mbona chombo kidogo cha Galileo hakionekani mpaka katikati ya msimu wa kwanza?

Kwa kuwa studio haikuwa na fedha za kukijenga. Tatizo lilitatuliwa na kampuni ya AMT, iliyouza vifurushi vya mifano ya plastiki ya kuunganisha nyumbani: ilijitolea kugharimia chombo hicho kwa ukubwa kamili, nayo ikapata haki ya kuuza mifano ya Enterprise. Kilitengenezwa chini ya Gene Winfield, fundi mashuhuri wa magari ya maonyesho, na kikatokea mara ya kwanza katika "The Galileo Seven", tarehe 5 Januari 1967.

Seti ya ndani ilijengwa peke yake, na ni kubwa kuliko umbo la nje linavyoweza kumeza. Watu wazima wanasimama wima ndani ya chombo ambacho, kikitazamwa kutoka nje, kingewalazimisha kuinama. Ukumbi wa kuegesha chombo hicho ulikuwa mfano mdogo tu, si seti.

Je, kila afisa alikuwa na chumba chake?

Kwenye hadithi, ndiyo, studioni, hapana. Karibu vyumba vyote vya ndani vilibanana kwenye jukwaa moja la kupigia picha, Jukwaa la 9, huku jukwaa jirani la 10 likibaki kwa ajili ya sayari. Chumba cha nahodha kiligeuzwa kuwa cha Spock kwa kubadilisha pazia, sanamu na taa. Chumba cha mikutano kiligeuka kuwa mahali pa kupumzikia kwa kuondoa meza moja na kuleta nyingine. Korido ilikuwa moja, imepinda kidogo ili mwisho wake usionekane, na waigizaji waliizunguka kana kwamba wanatembea kutoka sitaha moja hadi nyingine.

Chumba cha Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano aliyeigizwa na Nichelle Nichols, kilipatikana kwa njia hiyohiyo. Katika msimu wa tatu kinaonekana kwenye "Elaan of Troyius" na "The Tholian Web", kikiwa kimepambwa kwa mistari ya pundamilia na vinyago ili kuashiria asili ya Kiafrika ya mhusika huyo, ambaye katika "The Changeling" anasikika akiongea Kiswahili. Ni Afrika ya duka la kumbukumbu za watalii, tuseme ukweli, lakini kwa televisheni ya Marekani ya mwaka 1968 hata kumpa afisa mwanamke Mweusi chumba chake mwenyewe chomboni lilikuwa jambo la kutazamwa mara mbili.

Vyombo vingine vya kundi la Enterprise vilijengwa wapi?

Havikujengwa. Constellation ya "The Doomsday Machine" ya Oktoba 1967 ni seti za Enterprise zilizotawanyiwa vifusi na nyaya zilizokatika. Exeter ya "The Omega Glory" ni korido zilezile zisizo na watu. Defiant ya "The Tholian Web" ni chumba kilekile cha uongozi chenye taa tofauti na maiti sakafuni. Hadithi ziliwasaidia mafundi kwa kudai kwamba vyombo hivyo ni vya muundo mmoja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni "Mirror, Mirror", uliorushwa tarehe 6 Oktoba 1967, ambapo Kirk anajikuta katika ulimwengu wa pili wenye utawala wa kikatili. Kilichobadilisha chumba cha uongozi hasa ni nembo ya dunia iliyochomwa kwa jambia, iliyobandikwa milangoni na ukutani, na kiti cha nahodha kilichoongezewa mgongo mrefu kama wa kiti cha enzi. Vitu viwili tu, na chumba ambacho mtazamaji alikizoea kikamtisha.

Ni kweli kwamba msimu wa tatu ulidorora kwa sababu ya fedha?

Kwa upande wa seti, ndiyo. Bajeti ya kila kipindi ilianza ikiwa karibu dola 190,000 na kufikia msimu wa tatu ilikuwa imeshuka chini ya dola 180,000, wakati mishahara ya waigizaji ilikuwa imepanda. Aidha, Desilu ilikuwa imenunuliwa mwaka 1967 na Gulf and Western, wamiliki wa studio ya filamu ya Paramount, na wamiliki wapya hawakuwa na mapenzi makubwa na kipindi ghali kilichopangiwa saa nne usiku wa Ijumaa.

Matokeo yake yanaonekana waziwazi. Mji wa wachunga ng'ombe katika "Spectre of the Gun" ni kuta za mbele tu zilizosimama chini ya anga jekundu, na "The Empath" imepigwa kwa sehemu kubwa kwenye giza tupu lenye vifaa vichache. Vipindi vingi vilifungiwa ndani ya chombo, kwa kuwa hizo zilikuwa seti zilizokwisha kulipiwa. Ila shida ilizaa ubunifu pia. Katika "The Mark of Gideon" ya Januari 1969, Kirk anatembea ndani ya Enterprise isiyo na mtu hata mmoja, na baadaye inabainika kwamba wenyeji wa sayari wamejenga nakala kamili ya chombo ili kumnasa. Seti ya mbao inaigiza kuwa seti ya mbao. Hadithi yenyewe ina matundu, maana sayari inayodaiwa kusongamana watu hadi hawana pa kusimama ilipata wapi nafasi ya kujenga nakala hiyo? Lakini dakika zile za ukimya kwenye korido tupu ni miongoni mwa picha bora za chombo hicho.

Nini kilitokea baada ya 1969?

Mfululizo wa katuni wa 1973 na 1974 ulikichora upya chumba cha uongozi na kukiongezea mlango wa pili wa lifti. Katuni haihitaji seremala. Mwaka 1977 Paramount ilianza kujenga seti mpya kwa ajili ya mfululizo mwingine wa televisheni, kisha ikaghairi na kuzigeuza kuwa za filamu ya 1979 iliyoongozwa na Robert Wise, chini ya msanifu Harold Michelson. Katika chumba cha injini cha filamu hiyo, ile hila ya mabomba yanayopungua ilirudi kwa kiwango kikubwa zaidi: watu wenye maumbo madogo walivishwa sare na kuwekwa upande wa mbali ili ukumbi uonekane mrefu.

Seti hizo ziliishi muda mrefu. Mfululizo mpya wa Star Trek, The Next Generation, ulipoanza 1987, korido, zahanati na chumba cha injini vya filamu vilirekebishwa na kutumiwa tena. Baadaye filamu nazo zikaazima kurudi: chumba cha injini katika filamu ya sita, ya 1991, ni kile cha The Next Generation kilichobadilishwa kidogo. Vitufe vya resini havikurudi. Nafasi yake ilichukuliwa na vioo vya plastiki vyenye michoro ya Michael Okuda vilivyomulikwa kwa nyuma, ambavyo vilikuwa rahisi kutengeneza na bei nafuu.

Chumba cha zamani kiliwahi kujengwa upya?

Zaidi ya mara moja. Katika "Relics", kipindi cha The Next Generation cha 1992, Scott aliyezeeka anaomba kuoneshwa chombo chake cha zamani. Sehemu ndogo ilijengwa, na kilichobaki kilipatikana kwa kutumia picha ya chumba kitupu iliyotolewa katika "This Side of Paradise" ya msimu wa kwanza. Deep Space Nine, mfululizo mwingine wa Star Trek, ilijenga seti nyingi za zamani mwaka 1996 kwa ajili ya "Trials and Tribble-ations", na mfululizo wa baadaye ulioitwa pia Enterprise ukajenga chumba cha uongozi cha Defiant mwaka 2005. Kiti cha nahodha cha awali kiliuzwa mnadani mwaka 2002 kwa zaidi ya dola 300,000.

Mtu anaweza kuona nini leo?

Mfano mkubwa wa chombo, wenye urefu wa takriban mita 3.4, uko katika Jumba la Makumbusho ya Anga la Smithsonian mjini Washington, ambalo liliupokea mwaka 1974 na kuurejesha upya katika onyesho mwaka 2016. Mwaka huohuo, katika mji wa Ticonderoga, jimbo la New York, James Cawley alifungua maonyesho ya seti zote kuu zilizojengwa upya kwa kufuata ramani za awali, na mgeni anaweza kupita kutoka korido hadi chumba cha injini kwa mpangilio uleule wa Jukwaa la 9.

Nitazame vipindi gani ili nione tofauti zenyewe?

Anza na "The Cage", kisha "Where No Man Has Gone Before", halafu kipindi chochote cha vuli ya 1966 chenye picha nyingi za chumba cha uongozi. Kwa injini, linganisha "The Naked Time" ya msimu wa kwanza na "The Doomsday Machine" ya msimu wa pili, ukikazia macho sakafu ya katikati. Maliza na "The Mark of Gideon", na sauti ukiipunguza hutapoteza kitu.